Sketi Ishirini na Mbili za Kwenda Kambove

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, siku ya Jumatatu, mlango wa choo chetu cha uani ulilia kwa mara ya nne. Naijua idadi kwa sababu nilikuwa macho tangu saa kumi, nikikinga maji. Bomba la mtaa wetu hapa Shituru hutoa maji kabla ya mapambazuko na kukauka kabla jua halijapanda, na mimi huandika kwenye daftari saa yanapoanza na saa yanapokatika. Mlango ulipolia mara ya kwanza sikujali. Mara ya pili nilidhani ni tumbo. Mara ya tatu nilitazama saa. Mara ya nne niliweka ndoo chini, nikaenda kusimama nje ya choo.

Ndani alikuwa binti wa mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na saba anayeishi kwangu tangu alipoanza sekondari. Ananiita mama mukubwa, kama inavyotakiwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyemtangulia mama yake kuzaliwa.

"Mama mukubwa, uko apo?"

"Niko."

"Inanichoma. Inatoka kidogo tu, na inachoma sawa pilipili."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Sikumgombeza. Nilihesabu siku. Jumapili iliyokuwa mbele yetu kwaya ya kanisa letu ilikuwa inakwenda kuimba Kambove, na yeye, kwa mara ya kwanza, alikuwa amepewa sauti ya kuongoza. Mama yake anaishi huko Kambove, anawapikia wachimbaji wa shaba, na hakuwa amewahi kumsikia mtoto wake akiongoza hata wimbo mmoja. Wiki nzima alikuwa akinipigia simu. Wateja wake wote walikuwa wamekwisha kuambiwa. Alikuwa amenunua kiti cha plastiki, cha bluu, asije akakosa mahali pa kukaa kanisa likijaa.

Mimi ni fundi wa kushona. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na yaliyobaki nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma chochote kinachoingia mkononi. Nina kitabu kinene cha matibabu kwa Kifaransa, nilichokipata sokoni bila jalada. Kinaanzia ukurasa wa arobaini na moja, na kimepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo magonjwa ya herufi A na B siyajui mpaka leo. Bahati nzuri ugonjwa wa kibofu, kwa Kifaransa, unaanza na C. Niliusoma kwa mwanga wa simu huku maji yakiingia kwenye dumu la mwisho. Kitabu kilisema mambo mengi, lakini la kwanza lilikuwa kwenda kupima. Saa moja na robo tulikuwa kwenye kituo cha afya, wa tatu kwenye foleni.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimpa msichana kikopo, akachovya kijikaratasi kwenye mkojo, akangoja rangi ibadilike, akatikisa kichwa.

"Ni kibofu. Uko na homa?"

"Apana."

"Mugongo inauma, apa kwa mbavu?"

"Apana."

"Muzuri. Mumekuja mapema. Ingepanda kwa mafigo, tungekuwa tunazungumuza mambo ingine." Alihesabu vidonge vya siku tano, akavifunga kwenye karatasi. "Hata ikiacha kuchoma kesho, unamaliza yote. Haiko dawa ya kugawa na rafiki. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kufunga mkoba. Lakini yule mama alivuta kiti karibu na msichana, akakunja mikono, na kuanza kuuliza kama mtu aliye na siku nzima.

"Siku ya masomo, unakunywa mayi mara ngapi?"

"Sikunywake."

"Juu ya nini?"

"Choo ya masomo haina mulango."

"Na siku ya kuimba?"

"Kwa chorale hatukunywake. Ukivaa uniforme, hakuna kukunywa."

"Nani alisema?"

Msichana alifikiri. "Hakuna. Njo vile iko."

"Na ukiwa kwa mwezi, unatumia nini?"

"Pedi za kitambaa. Mama mukubwa alinishonea."

Hapo nilijinyoosha. Zile pedi zilikuwa fahari yangu. Nilikuwa nimemshonea sita: flaneli ya pamba tabaka tatu, na chini yake kitambaa chembamba kilichopakwa plastiki upande mmoja, kisichopitisha unyevu, nilichokiagiza Lubumbashi. Pembeni vifungo vya kubana. Mshono haukwaruzi popote.

"Anazianika wapi?" muuguzi aliniuliza mimi.

"Kwenye kamba, kwenye jua," nilijibu upesi.

Msichana aliangalia sakafu. "Nyuma ya kabati," akasema.

Nilimgeukia. Muuguzi alininyamazisha kwa kidole.

"Juu ya nini nyuma ya kabati, mutoto wangu? Unasikia haya?"

"Apana. Juu ya pasi."

Hapa lazima nieleze sheria ya nyumba yangu, ambayo ni sheria ya nyumba nyingi hapa kwetu. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje. Ukiivaa bila kuipiga pasi, funza huingia kwenye ngozi na kuvimba kama jipu. Mimi mwenyewe nilitolewa wawili begani nilipokuwa na miaka tisa, na sijasahau. Kwa hiyo kwangu, chochote kilicholala kwenye kamba kinapita chini ya pasi: shati, shuka, soksi, hata kitambaa cha kufutia vyombo. Sheria hiyo haina msamaha.

Msichana alitueleza kwamba alikuwa ameifuata. Mara ya kwanza kabisa alipofua pedi moja, aliianika juani, ikakauka vizuri, akapasha pasi ya makaa, akapiga. Plastiki ikayeyuka na kuganda chini ya pasi. Aliogopa kuniambia, kwa vile aliona nilivyojivunia kazi ile. Akaitupa chooni. Tano zilizobaki hakuweza kuzianika nje, kwa sababu nje kunaleta pasi, na pasi inaleta kuyeyuka. Basi akazitundika nyuma ya kabati, kwenye giza, kati ya ukuta na ubao. Katika msimu wa mvua zilikuwa zikichukua siku tatu kukauka, na siku nyingine alizivaa kabla hazijakauka. Ngozi ilikuwa ikimwasha kila mwezi. Alidhani ndivyo kukua kulivyo.

Muuguzi alicheka mpaka miwani ikakatika uzi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka kitu kingine: ile pasi. Mwaka uliopita niliikuta na bonge jeusi chini, nikakaa saa mbili kulikwangua kwa wembe, na nilikuwa na hakika kabisa aliyeiharibu ni nani. Ni jirani yangu, anayeiazima kila Jumamosi. Nilimwambia hivyo uani kwake, mbele ya shemeji zake.

"Sasa musikilize wote wawili," muuguzi alisema akifuta macho. "Haya ni mambo mbili, musiyachanganye. Kitambaa chenye unyevu kinaleta muwasho na vidonda vya ngozi. Kibofu kinaumwa juu ya kukaa na mikojo na kukosa mayi. Lakini moja inasaidia mwenzake: ukivaa kitambaa kimoja kutoka asubui mpaka mangaribi, microbe inapata njia fupi."

Niliomba aseme polepole, nikaandika. Kubadilisha kila saa nne au sita, hata kama hakijajaa. Mikono kwa sabuni kabla na baada. Kufua kwanza kwa maji baridi mpaka damu iishe, kwa kuwa maji ya moto huigandisha, kisha sabuni ya kawaida, kisha kusuuza mpaka povu likome. Kukausha juani mpaka kikauke kabisa. Kutunza kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki. Asiazime wala kuazimisha. Kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Kujiosha nje kwa maji tu, na sabuni isiingie ndani hata siku moja.

"Na haja ikikuita?" alimuuliza msichana.

"Ninaenda."

"Hata kama choo haina mulango?"

"Rafiki anasimama kwa mulango."

"Njo vile." Akanigeukia. "Na weye, mama fundi, ile pasi yako uiache ipumuzike."

Nilimuuliza kama msichana ataweza kuimba Jumapili. Alisema akimeza dawa zote, akinywa maji, akienda haja kila anapotaka, na homa isipotokea, aende akaimbe. "Lakini akizuia mikojo siku nzima tena, utanirudishia mutoto uyu Jumatatu."

Jumanne asubuhi nilivaa vizuri, nikaenda kwa jirani. Yeye ni mama wa Kiislamu, wazazi wake walitoka Maniema, ana watoto sita na sauti inayofika barabara ya tatu. Nilimkuta anapepeta mchele. Nilisimama.

"Nimekuja juu ya pasi," nikasema.

"Pasi gani tena? Tangu siku ile ninaazima kwa mama wa kona. Yake ni nzito sawa jiwe."

"Haikuwa weye uliichoma. Ni mutoto wangu. Nilikusingizia, tena mbele ya bantu. Minakuomba samahani."

Aliacha kupepeta. Nikaanza kuhesabu punje za mchele zilizoanguka.

"Sema tena," akasema. "Sema na sauti, shemeji yangu iko ndani."

Nilisema tena, kwa sauti. Shemeji alitoka kusikiliza. Jirani akacheka, akanivutia kigoda, akaagiza chai. Nikamweleza yote, kwa kuwa chai ile ilikuwa inadai maelezo: pedi, pasi, kabati, funza.

"Mama fundi, weye unasoma vitabu vikubwa," alisema. "Watoto wangu sita, nepi zao zote, hata moja sikuipiga pasi. Na funza hata mumoja hakuingia. Uliza juu ya nini."

"Juu ya nini?"

Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kwenye kamba, mahali jua linapopiga kutoka asubuhi mpaka saa tisa, alikuwa ametundika chandarua kizee. Juu kimefungwa kwenye kitanzi cha waya wa gurudumu la baiskeli, chini kimekusanywa na kufungwa fundo. Ndani yake nguo za mtoto mchanga zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba yao ndogo. Nzi watatu walikuwa wametua nje ya chandarua. Niliwaangalia walivyokuwa wakizunguka bila kupata mlango.

"Jua linapita, upepo unapita, ule mujinga anabakia inje," jirani alisema.

Nilipima kitanzi kwa utepe wangu: sentimita hamsini na nane. Aliniuliza kama nitamshtaki na kwa chandarua pia. Saa nane mchana nilikuwa nacho changu, na pedi tano zilifuliwa upya na kutundikwa ndani. Jioni nilizishika moja moja: kavu, na hazina harufu yoyote isipokuwa ya jua.

Hata hivyo, funza wawili wa begani walikuwa bado wananisema. Usiku ule nilichora na kushona pedi ya namna nyingine, vipande viwili. Ganda la nje lenye plastiki, na ndani yake kitambaa cha flaneli kinachotolewa, kinakunjuliwa na kukauka upesi. Kile cha ndani kinaweza kupigwa pasi, kwa ajili ya roho yangu, ganda halipigwi. Msichana alikitazama kile kitambaa cha ndani, akakikunja, akakikunjua.

"Kikifunuliwa ni sawa musuara tu," alisema. "Hakuna muntu atajua ni nini."

Ilikuwa kweli. Kwenye kamba kilionekana kama kitambaa cha jasho. Sikuwa nimelifikiria hilo, lakini niliandika kama faida ya pili.

Jumatano haikumchoma tena. Akauliza kama anaweza kuacha dawa. Nikamwonyesha kalenda niliyobandika ukutani, yenye miraba mitano, miwili ikiwa imepigwa msalaba, na hatukuzungumza zaidi.

Alasiri ya siku hiyo alikuja presidente wa kwaya kujaribu yunifomu yake. Ni mama mnene, mchangamfu, anayetawala kwaya ya wanawake ishirini na wawili kwa kuinua nyusi. Nilikuwa nimemaliza kushona nguo zote: blauzi ya kufika nyongani, na sketi ndefu ya kubana, ya kitenge cha rangi ya chungwa, yenye zipu nyuma. Modeli waliichagua wenyewe kwenye simu. Wakishaivaa walitembea kama mishumaa. Kupanda kwenye kamyo, lori letu la safari, walihitaji kiti na mashemasi wawili wa kuwanyanyua.

"Minasikia mutoto iko mugonjwa," presidente alisema nikiwa nimepiga magoti na pini mdomoni. "Usiwe na wasiwasi. Niko na mwengine ameshajifunza sauti yake."

Nilitoa pini. "Amepona."

"Ameshapona ao anapona?"

"Anapona. Ataimba. Lakini lazima akunywe mayi, na lazima kamyo isimame aende inje."

"Isimame?" Nyusi zilipanda. "Kwa sketi ii? Nani atashuka? Nani atapanda tena? Njia ya Kambove ni fupi, bavumilie."

Njia ni fupi kweli. Lakini siku ni ndefu: kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, ibada mpaka saa nane, chakula, salamu, kurudi jioni. Nilimuuliza yeye mwenyewe siku ya safari anakunywa maji saa ngapi.

"Mayi? Siku ya safari? Ninakunywa mangaribi, nikirudi."

"Na kiisha safari, unajisikia namna gani?"

Alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili. "Eh, ile. Ile tunaijua wote. Siku mbili, tatu, inachoma. Ni joto ya kamyo."

"Joto ya kamyo?"

"Ukikaa juu ya chuma yenye moto, joto inapanda ndani. Kila safari, nusu ya chorale banapata. Kiisha tunakunywa chai ya majani, inapita. Mwaka uliopita mumoja alilala hospitali." Alisema hayo kama mtu anayesimulia mvua.

Nilikaa chini. Wanawake wazima, baadhi wamezaa mara saba, kila safari wanarudi na ugonjwa, na wameupa jina, na jina hilo limewatosha.

"Presidente," nikasema, "kwenye kamyo, nani anakaa karibu sana na mashini?"

"Shofere."

"Anakaa apo kila siku, kutoka asubui mpaka mangaribi. Yeye inamuchoma?"

"Nitamuuliza namna gani, mama fundi? 'Papa shofere, ukienda inje...'" Hakumaliza. Kicheko kilimshika tumboni, zipu ya sketi ikapasuka kutoka kiunoni mpaka chini, na sote wawili tukabaki tunaangalia kitenge kilivyofunguka, upana mzima, kama pazia.

Nadhani tuliliona kwa wakati mmoja.

"Iache vile," akasema polepole.

"Ikiwa na kipande cha kufunika juu, na vifungo viwili vya kiuno," nikasema, "ni sawa kikwembe cha kujifunga. Unafungua, unafunga."

"Peke yako."

"Peke yako. Hata kwenye majani."

Tatizo lilikuwa kitambaa. Vipande ishirini na viwili vya kufunikia vilihitaji kitenge ambacho sikuwa nacho, isipokuwa kile cha vilemba, ambacho kilikuwa mezani bado hakijakatwa. Presidente alikishika kifuani kwa mikono miwili. Vilemba alikuwa amevipigania miezi mitatu kwenye kamati. Mwishoni aliniuliza kama nadhani Mungu ataona vibaya wakivaa vile vitambaa vyeupe vya kichwa, ambavyo kila mama anavyo vya siku ya Meza ya Bwana. Nilimwambia kwamba katika mambo hayo sina kitabu. Akaweka kitenge mezani.

"Kata," akasema. "Lakini bakiniuliza, minasema ni modeli mupya ya Lubumbashi."

Nilikata Jumatano jioni. Alhamisi na Ijumaa nilishona, kwa cherehani ya miguu, kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda. Jirani alikuja kunisaidia kutia vifungo, na kila sketi ya tano aliniambia niseme tena ile samahani. Msichana alikaa karibu nasi, chupa ya maji mbele yake, akifanya mazoezi ya wimbo wake huku akipunga miguu. Aliimba, akanywa, akatoka nje, akarudi, akaendelea pale alipoachia. Ijumaa jioni alirudi kutoka uani akasimama mlangoni.

"Mama mukubwa, ya mwezi imeanza."

"Saa ngapi?" nikauliza, mkono ukienda kwenye daftari.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama mukubwa! Hata iyo?"

Niliandika hata hiyo.

Usiku huo vidonge viwili vya mwisho vilimezwa na mraba wa tano ukapigwa msalaba. Jumapili saa kumi na mbili kasoro dakika tano wanawake ishirini na wawili walipanda kamyo bila kiti na bila shemasi. Mashemasi wawili walisimama mikono mitupu, nadhani walihuzunika kidogo. Msichana alikuwa na mkoba mdogo niliomshonea: vitambaa vitatu safi vya ndani, ganda moja la akiba, kipande cha sabuni, chupa ya maji ya mikono, na mfuko wenye kifungo wa kuweka vilivyotumika. Mimi nilikaa nyuma na dumu la lita ishirini la maji ya kunywa, yaliyochemshwa, na vikombe. Waliponiona wakaguna. Presidente aliinua nyusi, akawa wa kwanza kuchukua kikombe, akanywa mpaka chini. Basi wote wakanywa.

Tulipofika nusu ya njia alipiga ngumi kwenye paa la kichwa cha kamyo.

"Papa shofere! Simama!"

"Kuna nini, mama?"

"Banamuke banaenda inje."

"Wangapi?"

"Wote!"

Dereva alizima mashini. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile: kitenge cha chungwa kikisambaa kwenye majani marefu, kila mtu na kichaka chake, na vicheko vikiruka kutoka kichaka hadi kichaka. Mmoja alipaza sauti kuuliza kama joto la kamyo limetoka. Mwingine akajibu kwamba lake linatoka sasa hivi. Wazee wa alto, wasiosemaga neno, walikuwa wakicheka kuliko wote. Walirudi wakifunga vifungo vyao, kila mmoja peke yake, akanawa mikono, akapanda. Dakika kumi na moja.

Huko Kambove mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa kanisa tangu saa mbili, na kiti chake cha bluu kichwani. Kabla ya zamu ya kwaya alimpeleka binti yake nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka kanisani, msichana akabadilisha kitambaa na kurudi uso umetulia. Kisha wakasimama kuimba. Mimi si mtu wa kueleza muziki. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba sauti yake ilianza peke yake, ikakaa hewani bila kutetemeka, na zile nyingine ishirini na moja zilipoingia chini yake, mdogo wangu aliinuka. Alisimama wimbo wote. Wimbo wa pili akasimama. Wa tatu akaanza kucheza, na mama mmoja mzee aliyekuwa nyuma yake alikivuta kile kiti taratibu, akakikalia mpaka mwisho wa ibada.

Amina ya mwisho ilipokwisha, mdogo wangu alikimbia mbele kumkumbatia mtoto wake, akamkuta anashuka jukwaani kwa haraka, mkoba mkononi.

"We! Unanikimbia? Unaenda wapi?"

"Inje, mama! Ninarudia!"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi! Uliza mama mukubwa!"

Alinigeukia, machozi na kicheko vimechanganyika usoni, akaniuliza nimemfanyia nini mtoto wake. Nilimwambia nitamweleza tukila.

Jumatatu sikumrudishia muuguzi mgonjwa. Nilimrudishia miwani, kwa maana ya kwamba nilimpelekea uzi imara wa kufungia ule upande uliokatika. Jumanne, Jumatano, hakuna mama wa kwaya aliyekunywa chai ya majani. Presidente alipita kuniambia hivyo, na kuagiza pedi nane za vipande viwili kwa ajili ya binti zake. Kuhusu sketi, aliuliza kamati inadaiwa kiasi gani. Nilimwambia hakuna deni: modeli ya kwanza niliishona mimi, na fundi anayemfungia mtu njia ya kwenda nje lazima aifungue kwa mali yake.

Jioni nilifunga hesabu. Vifungo arobaini na vinne, uzi, na mkanda wa kiuno. Hasara: faranga elfu ishirini na saba na mia tano.